Risala ya kikundi chetu cha mbegu za asili kwa mgeni rasmi, siku ya maonesho ya mbegu, Newala

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa serikali ya kijiji, bwana shamba wetu, mwalimu mkuu uliyetupa uwanja, wazee wetu, kina mama, vijana na wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja, maana tukisema maonesho ya mbegu watu wengi wanategemea mbegu za dukani zenye pakiti zinazong'aa, sasa wewe umekuja umekuta vibuyu na chupa za maji na bado umekaa, kwa kweli tumefurahi.

Mheshimiwa, sisi ni wakulima wa kawaida tu, wengi kina mama, na wote tuna mikorosho. Hili la mikorosho tunalisema mapema makusudi, maana watu wakisikia mbegu za asili na magugu wanadhani tunapinga korosho, hapana jamani, ada za watoto zinatoka huko, bati zimetoka huko, hakuna mtu hapa atakayekata mkorosho ili apande mgagani. Sisi tunachoongelea ni kile kilichopo chini ya mkorosho na pembeni ya shamba, ambacho siku hizi kinaitwa uchafu.

Huo uchafu ndo mlenda, mchicha pori, mnavu, mgagani na mchunga. Haujapandwa na mtu, unaota wenyewe mvua za Desemba zikishaanza, na huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu kwa hiyo Januari na Februari chakula cha mwaka jana kinakuwa kimeisha na mahindi bado mabichi, hapo ndo mboga ya bure inapookoa watu. Mama anatoka na ungo anarudi na mboga ya mchana, anatia karanga au nazi, watu wanakula. Sasa imekuja dawa ya kuua magugu. Tunaielewa vizuri, palizi ni ngumu, vibarua wana bei, vijana wamehamia kwenye bodaboda, alafu mtu mmoja na pampu yake mgongoni anamaliza eka asubuhi tu na wewe umekaa. Lakini dawa haichagui. Mwenzetu mmoja msimu uliopita alikodi mtu wa kupulizia akamwambia acha ule ukingo wa karibu na njia, jamaa akapiga mpaka kwenye ukingo, mgagani wote ukawa wa njano, ndo ulikuwa wa mbegu ule.

Na mbegu ya mgagani sio kitu cha kuokota tu, tunaomba ukipita mezani uishike. Ni ndogo, nyeusi, imejikunja kama konokono, inakaa kwenye vitumba, yani maganda ya mbegu, virefu vyembamba. Ukichuma kitumba kibichi mbegu haijakomaa, ukichelewa kimepasuka chenyewe mbegu iko chini, kwa hiyo unavizia kikianza kuwa cha njano, unaanika kwenye turubai, unapiga taratibu na unapepeta upepo ukiwa mdogo maana ukiwa mkali zinaondoka na makapi. Alafu ukizipanda hapo hapo nyingi hazioti, zinataka zikae miezi kadhaa kwanza. Haya yote tumefundishwa na bibi zetu, kwenye semina hatujawahi kuyasikia.

Tusieleweke vibaya, hatuhifadhi kila kinachoota. Kiduha tunang'oa kabla hakijatoa maua maana kinanyonya mizizi ya mtama na mahindi na mche mmoja unamwaga mbegu maelfu kwa maelfu, ndago nayo hatuna undugu nayo. Tulichokubaliana ni kwamba kila mwanachama anaacha ukingo wa hatua chache bila dawa, unapaliliwa kwa jembe na kwa macho, yani unajua unachong'oa.

Wenzetu wa Ulaya yaliwakuta haya kabla yetu. Mjumbe wetu mmoja kijana alitusomea kwenye simu, kule Uingereza kuna ua la zambarau linaitwa Agrostemma githago, lilikuwa linaota kwenye ngano miaka na miaka kwa sababu mbegu zake zilivunwa pamoja na ngano na kupandwa tena nayo, zilipokuja mashine za kusafisha mbegu na dawa likakaribia kuisha kabisa. Tena mbegu zake ni sumu! Lakini bado wanalitunza, kuna shamba linaitwa Ranscombe huko Kent wanalima kwa ajili ya maua ya namna hiyo, na Ujerumani toka miaka ya 1970 walianza kuwalipa wakulima waache kingo bila dawa. Kina mama walicheka sana, wakasema kama wao wanalipana kwa ajili ya ua lenye sumu, sisi wenye mlenda tunangoja nini.

Upande wa mazao, Mheshimiwa, meza ya pili ina njugumawe nyeupe, nyekundu, nyeusi na zile zenye madoa, ina mtama mrefu wa zamani, kunde zinazotambaa, choroko. Njugumawe zinajitengenezea mbolea kwenye mizizi, zinavumilia jua na ardhi ya kichanga. Ubaya wake tuuseme, zikishakauka zinachelewa sana kuiva, zinakula kuni, na sokoni ufuta unalipa kuliko njugu, hiyo ndo sababu watu wameziacha na hatuwalaumu. Ila 2017 India ilipozuia mbaazi za nje bei ilianguka mpaka watu wakaona bora ziozee shambani, mwaka ule aliyekuwa na mtama na njugu ndani hakuhangaika sana. Na wazee wa Nachingwea watakwambia ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka 1951, matrekta yalifyeka pori kubwa, reli ikajengwa, mwisho hakuna karanga na reli yenyewe iling'olewa, wakati mkulima wa kijijini aliendelea kulima karanga zake kidogo zikiwa zimechanganywa na mtama.

Jambo linalotuumiza zaidi ni misiba. Mzee ana kibuyu cha mbegu juu ya jiko, moshi unakilinda na wadudu, anajua hii ya mapema hii ya kuchelewa. Akifariki watu wanajaa, chakula kinapungua, mtu anapanda juu anashusha kibuyu kinapikwa, hakuna aliyejua kwamba kijiji kizima mbegu ile ilibaki kwake. Ndo maana sasa kila mbegu inakaa kwenye nyumba 3 tofauti.

Ming'oko pia, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi. Hiyo inatoka porini na kwenye mashamba yaliyopumzishwa, kiangazi watu wanachimba na kuuza stendi ikiwa imechemshwa, ila kila mtu anachimba anaondoka na shimo anaacha wazi. Tumekubaliana ukichimba unarudisha kichwa cha mzizi na kufukia. Wanaofanya hivo bado wachache, tusidanganyane.

Tunajua ipo benki ya taifa ya nasaba za mimea Arusha, yani wanakogandisha mbegu zisipotee, chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na watafiti wetu wa kilimo wa TARI Naliendele wapo hapo Mtwara, ni kazi kubwa na tunaiheshimu. Lakini mbegu iliyogandishwa inabaki vile ilivyoingia, ya shambani kila mwaka inapigwa na jua jipya na magonjwa mapya na inayobaki ndo inayojua hali ya sasa. Kwa hiyo zote mbili zinahitajika, na hii ya pili ni sisi wenye majembe tu tunaoweza kuitunza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu hayana gharama kubwa. Tunaomba shamba darasa la kijiji likiwa na korosho na ufuta liwe na mistari ya njugumawe na mtama pia. Tunaomba mabwana shamba wakikuta ukingo wenye majani wamuulize kwanza mwenye shamba kabla hawajamwambia ni mchafu. Tunaomba utuunganishe na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, watueleze utaratibu wa mkulima kuuza mbegu ya asili bila kuvunja sheria, maana kubadilishana kwa vikombe tunabadilishana lakini kuuza tunaogopa. Na sampuli zetu zikipata lifti ya gari la halmashauri mpaka Naliendele tutashukuru, nauli ndo inatukwamisha.

Mwalimu mkuu ameshatupa kipande nyuma ya darasa la nne, watoto watapanda mgagani msimu ukianza, uzio tunaweka wenyewe kwa sababu mbuzi wa jirani wameshaonekana.

Karibu mezani uone mbegu na uonje njugu, zimechemshwa na maganda yake na chumvi. Tunaomba kuwasilisha.