Kabla hujanunua kabureta, pima plagi

Mpwa wangu,

Mama yako amenieleza kwamba ile Land Rover ya marehemu babu, Series III ya petroli, inakwenda vizuri tambarare, lakini ikianza kupanda mlima Kitonga inamisi (inakatakata mwako) na kuishiwa nguvu. Ameniambia pia kwamba fundi anakutaka utafute kabureta nyingine, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Usitoe hela kwanza. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu wenye magari ya umri huo mko wengi, na inaniuma kuona watu wanabadilishiwa vifaa vizima kabla plagi hazijafunguliwa.

Plagi ndiyo inayorusha cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda; cheche huruka pengo lililo kati ya ncha ya katikati na mguu wa pembeni. Plagi ikifanya kazi, cheche huzila ncha zake kidogo kidogo na pengo hupanuka. Pengo likipanuka, koili, inayozalisha umeme wa cheche, inalazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Tambarare, ukikanyaga kidogo, inamudu. Mlimani unapokandamiza mafuta, silinda hujaa, mgandamizo hupanda, na cheche hushindwa kuruka katika hewa iliyobanwa hivyo. Hapo gari linashtuka-shtuka. Koili za enzi zile, zinazotegemea pointi (swichi ndogo) za distributa, kigawa umeme wa plagi, hazina akiba kubwa ya nguvu. Pengo dogo mno nalo si zuri: cheche inakuwa fupi, mafuta hayashiki moto sawasawa, na injini hutetemeka gari likiwa limesimama.

Injini yako ya lita 2.25 inataka pengo la milimita 0.75 hadi 0.80. Hicho si kipimo cha kukadiria kwa jicho wala kwa kipande cha msumeno. Nunua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mapengo, maduka ya spea wanazo.

Fungua plagi injini ikiwa imepoa. Tia alama kila waya, maana mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na silinda ya kwanza ni ile ya mbele, upande wa feni. Puliza vumbi kuzunguka kila plagi kabla hujailegeza. Mchanga ukidondoka ndani utakwangua silinda. Zipange mezani kwa mfuatano wake uzitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi maana yake petroli imezidi, na hapo tu ndipo nitamsikiliza fundi wako kuhusu kabureta. Ikiwa imelowa oili, tatizo ni ringi au valvu, na kurekebisha pengo hakutaliponya.

Sasa kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazuri. Plagi iliyotumika sana, ncha yake ya katikati huwa imekuwa mviringo, na mguu wa pembeni unakuwa umechimbika kishimo. Ukipitisha bati bapa la fila geji, linalala juu ya kingo za kishimo, linakudanganya kwamba pengo ni sawa, kumbe katikati ni pana zaidi. Tumia geji ya waya wa mviringo, au sugua ncha kwa tupa ndogo mpaka ziwe bapa na zenye kona kali, ndipo upime. Cheche hupenda kona kali. Ikiwa ncha imeliwa sana, plagi hiyo itupe.

Kurekebisha, pinda mguu wa pembeni peke yake. Usiegemeze kifaa kwenye ncha ya katikati, utaipasua kauri, na ufa wake huwezi kuuona kwa macho. Kupunguza pengo, gonga mguu taratibu juu ya ubao, upime, ugonge tena. Bati la 0.75 lipite likikwaruza kidogo. Hata plagi mpya zipime, kwani kiwandani hawajui utazifunga kwenye gari gani.

Kurudisha, anza kwa vidole mpaka washa (kile kipete cha plagi) iguse, kisha spana. Plagi mpya inataka nusu mzunguko na ushee; iliyokwisha kufungwa, robo inatosha.

Ukimaliza, fungua kofia ya distributa: pointi zikiwa zimeachana kabisa, ziwe milimita 0.35 hadi 0.40. Kisha pandisha Kitonga ukiwa na mzigo wa kawaida, unieleze. Lakini kabla ya kusugua chochote, nipigie picha ya plagi zote nne zikiwa zimepangwa, nizitazame kwanza.

Mjomba wako