Mhariri, kijana anayetaka kuendesha mfuko wa uwekezaji aanzie wapi?

Mhariri,

Salaam. Ukurasa wenu wa biashara naufuatilia miaka mingi, ila leo imebidi niandike maana jambo limenifikia nyumbani. Mpwa wangu ana miaka 24, kamaliza chuo juzi tu, kaja Jumapili na daftari ananiambia mjomba nimefungua heji fandi, yaani mfuko wa kukusanya hela za watu na kuwawekezea. Nafungua daftari nakuta majina kumi na moja, mama yake laki tano, fundi cherehani wa pale kwao laki moja na nusu, na pembeni ya kila jina kaandika asilimia atakayompa kila mwezi. Hela anachezea forex, biashara ya kubadilisha fedha za kigeni, kwenye simu, yeye mwenyewe humo hana hata mia.

Hapo kwenye hana hata mia ndo pameniuma. Aliyeanzisha mifuko ya aina hii ni Alfred Winslow Jones, Marekani 1949, alikuwa mwandishi wa habari kama nyie na umri ulishakaribia 50. Alianza na dola 100,000, humo 40,000 zilikuwa zake. Alinunua hisa alizoona zitapanda na wakati huohuo akauza za kuazima alizoona zitashuka, azinunue tena kwa bei ya chini na kuzirudisha, ili soko likianguka lote asizame nalo, na malipo yake ilikuwa asilimia 20 ya faida, hakuna faida hakuna malipo. Sasa kumwahidi fundi cherehani asilimia fulani kila mwezi, hiyo tuliiona kwa DECI, ule mchezo wa upatu wa 2009, watu walipanda mbegu na wengi hawakuvuna.

Mi nilianza kazi kwa dalali wa hisa hapa Dar, kazi yenyewe kujaza fomu na kuhakiki sahihi. Kuna mzee alikuja na cheti cha hisa kakikunja mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, sahihi yake haifanani na ya zamani maana mkono ulishaanza kutetemeka, ikabidi tumzungushe siku kadhaa mpaka athibitishwe, na kila siku alikuwa anakuja na kukaa benchi lilelile. Yule mzee kanifundisha kitu ambacho chati ya kwenye simu haifundishi, kwamba hela ya mtu ina mwenyewe na mwenyewe atakuja kukaa mbele yako.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu sikukatazi, ila anzia huko chini. Ingia kwa dalali au kampuni yenye leseni ya kusimamia mifuko hata kama ni kupanga mafaili, huku unafanya mitihani ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi 3 na wanataka uzoefu wa kazi saa 4,000 kwa muda usiopungua miezi 36, siyo kitu cha kumaliza mwaka mmoja. Mshahara ukiingia nunua vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, hisa kidogo, hati fungani za kuikopesha serikali au kampuni, andika kila ulichonunua na sababu yake, na ukikosea andika pia. Baada ya miaka mitano sita una rekodi ya hela yako mwenyewe, hapo ndo unaenda CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kuomba leseni. Na soko letu bado dogo, kuna siku hisa za kampuni kadhaa hainunuliwi hata moja, kwa hiyo mbinu za Jones hapa hazifanyi kazi zote, ajifunze na Nairobi ambako tangu 2019 wana soko la mikataba ya baadaye, yaani kukubaliana leo bei ya kununua au kuuza siku ya mbele.

Ombi langu kwako Mhariri, tuchapishieni kwa Kiswahili hatua za kupata leseni ya meneja wa mfuko, mtaji unaotakiwa, ada, sifa za mwombaji, vyote, maana kijana akitafuta anakutana na makaratasi ya Kiingereza cha wanasheria alafu anaishia kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mpwa wangu nimemwambia arudishe hela za watu kwanza. Mpaka naandika hii karudisha za watu sita, fundi cherehani akiwemo, wamebaki watano na mama yake kasema yeye awe wa mwisho.

Mjomba mtu, Dar es Salaam