Somo, ua lako nalichonga mara ya saba

Isevya, Tabora
Jumapili, baada ya sala ya alfajiri

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Habari za Ujiji? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, mama watoto anakusalimu, na mdogo wetu ameanza kutembea. Anachokitafuta kwanza kila asubuhi ni boksi langu la vifaa.

Nakuandikia nikiwa nje, chini ya mwembe. Mezani mbele yangu kuna kipande cha ngozi nilichokitoa kwenye nailoni sasa hivi. Kina rangi ya chai iliyokolea majani, nasubiri kirudie rangi yake ya karanga mbichi. Kikiwa tayari nitakuacha, kwa hiyo usije ukaona nimekatiza kwa jeuri.

Najua umeninunia. Wiki sita tangu mchoro wako wa ua la kuchonga kwenye ngozi ufike na sijakutumia hata salamu. Ulifika salama, yule kijana wa treni aliutunza ndani ya bomba la plastiki kama ulivyomwagiza, haukupata hata mkunjo. Niliutandaza juu ya cherehani, shemeji yako akautazama, akauliza, "Hili ua la kanga gani?" Nikamweleza kwamba si la kanga, ni mtindo wa mafundi wa matandiko ya farasi wa mji wa Sheridan, jimbo la Wyoming kule Marekani, ule uliopata jina kwa kazi za fundi Don King. Nikamwonyesha shina linavyozunguka likafanya duara na ua linavyokaa katikati ya duara lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Na farasi unaye?"

Sina farasi. Nina baiskeli, kama watu wote wa Tabora, na kiti chake kinasubiri zamu.

Sasa nikupe hesabu ya maua. Tulikubaliana mchoro mmoja, kila mtu auchonge kwake, kisha tubadilishane tuone. Mimi niko la saba.

La kwanza nililitia kwenye kipande cha tumbo, kwa ubahili tu, nikisema kipande cha bega nitakiweka kwa kazi ya maana. Unajua ngozi ya tumbo inavyovutika. Kila nilipopiga chapa, kile chuma cha kugongea alama, ilitanuka kidogo, na nilipomaliza lile ua lako la duara lilikuwa limerefuka kama embe dodo. Tangu hapo nakata bega, na nyuma nabandika selotepu pana ya kufungia maboksi kabla sijaanza, inaishika isitembee. Yule kijana ninayemfundisha kazi alinishauri tutumie mabaki ya ngozi iliyodabaghiwa kwa kromu, yale laini ya kutengenezea mikoba, kwa kuwa tunayo gunia zima. Sikumkatalia. Nilimpa kisu na chapa nikamwambia jaribu. Alipiga petali ya kwanza vizuri kabisa, akageuka kuniita, na aliporudisha macho alama ilikuwa inayeyuka. Sasa haniulizi tena kwa nini nasafirisha kwa gharama ngozi iliyodabaghiwa kwa magome.

La pili na la tatu ndizo zilizonimaliza, na hapo lawama ni yako, somo. Kwenye maelezo yako uliandika: "Lowesha, subiri nusu saa, anza." Nusu saa ya wapi? Wewe umekaa ukingoni mwa ziwa, upepo wenye maji unakupitia mchana kutwa. Mimi niko huku juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa kumi, ardhi imepasuka na mtu akikutana nawe anakuuliza habari za mvua kabla ya habari za watoto. Nililowesha kwa sponji saa nne asubuhi, nikaenda kunywa chai, nikarudi baada ya nusu saa yako. Ngozi ilikuwa kavu kama chapati ya jana. Kisu kilikwaruza badala ya kuteleza, na kila nilipokata kona kilitoa mlio wa mtu anayechana kadibodi. Nikaongeza maji. Nikayazidisha. Sasa kisu kikapita kama kwenye ugali wa moto, lakini chapa nikiipiga, alama inazama halafu inajiinua polepole, kama godoro mtu akishaondoka. Wala ile rangi ya kahawia inayojitokeza pale chapa inapoibana ngozi yenye unyevu wa kiasi sikuiona. Ua zima lilipauka, limevimba, kama uso wa mtu aliyelala mchana.

Nilidhani mkono wangu ndio mbovu. Nilikaa siku nne bila kushika kisu.

Kilichonifungua macho ni mtungi. Nilikuwa nachota maji ya kunywa, nikaona nje mtungi umekauka kabisa, vumbi linashika, lakini ukiweka kiganja unahisi ubaridi. Nikasema, ndivyo ngozi inavyotakiwa iwe: juu imerudia rangi yake, ndani ina maji. Nusu saa haitoshi kwa maji kufika ndani, na kwa jua hili, yale ya juu yanakwisha kabla ya yale ya ndani kuingia. Siku hizi naloweka jioni pande zote mbili, nafunga kwenye nailoni, nalaza mpaka alfajiri. Nikifunua nasubiri rangi irudi, halafu nagusisha shavuni. Ikiwa shavu linahisi baridi na jicho linaona rangi ya ngozi kavu, naanza. Na ile nusu ambayo sijaifikia naifunika kwa nailoni ileile nisije nikaifikia imekuwa biskuti. Saa tatu jua likipanda nafunga duka la maua, naendelea na kandambili za watu.

Kwa hiyo kwenye maelezo yako futa hiyo nusu saa. Au andika "nusu saa ya Kigoma."

La nne lilikuwa na unyevu mzuri, mikato mizuri, na nikaliharibu kwa akili yangu mwenyewe. Nimeshakata mistari yote, nimechukua chapa ya kushusha ukingo, nikaanza kuitembeza kando ya mstari, mapigo madogo yanayopandiana yasifanye ngazi, raha mstarehe, redio inaimba. Nikazunguka petali tatu ndipo nikashtuka: napiga upande wa ndani. Badala ya kushusha uwanja ili ua lipande, nimeshusha ua likawa shimo. Lile ua silitupi. Nimelipigilia ukutani juu ya meza, na kijana wangu nikamwambia kabla ya kupiga pigo la kwanza aliangalie, ajiulize ni upande upi unatakiwa uwe bondeni.

Halafu madoa. Wewe una chapa za dukani zilizopakwa kromu, Mungu akuzidishie. Mimi zangu nimezisugua kwa tupa kutoka kwenye misumari ya inchi sita na bolti za baiskeli, na kisu changu ni kipande cha msumeno wa chuma nilichokitia kwenye mpini wenye bering ya kitovu cha baiskeli ili kizunguke chini ya kidole cha shahada. Kinazunguka vizuri kuliko unavyodhani, cheka tu. Ila chuma kitupu kikikutana na ngozi ya magome iliyoloa ni wino. Magome na chuma ndivyo wazee walivyopata wino mweusi, na mimi niliupata bila kuuomba, vidoa vyeusi kila mahali unga wa tupa ulipodondoka. Maji ya limau yaliyachuja madoa mengi, si yote. Sasa tupa haikai meza moja na ngozi, na kila chapa naifuta mafuta kabla na baada.

Katikati ya haya akaja mzee mmoja mrina asali kutoka Sikonge, anataka ala ya kisu. Nikaona hii ndiyo bahati yangu, nikamwonyesha ua, nikamwambia nitamtilia moja mbele, bei ileile. Akalishika, akaligeuza, akapitisha ukucha kwenye mishipa ya majani, akanirudishia. "Kijana, kazi nzuri. Lakini mimi naenda kwa nyuki, siendi harusini." Nikamshonea ala tupu, mshono mara mbili. Alipofika barabarani akageuka: "Ukijua kuchonga nyuki, niite." Nimelala na neno hilo siku kadhaa. Nitakuja nalo.

Sasa kuna jambo la kuungama. La tano nilikutayarishia kwa mkono wa treni, nikalifunga kabisa kwenye gazeti, kisha nikalifungua nikalirudisha ndani. Ukilichunguza utaona petali ya nne, ile inayopita chini ya shina, haipo. Si kwamba nilisahau. Nilikosea mkato pale shina linapovuka, kisu kikapita mbele ya mstari kwa upana wa punje ya mtama, na badala ya kuanza upya nilichonga jani juu yake nikaziba. Nikasema somo hataona. Halafu nikalikumbuka lile ulilonitumia wewe pamoja na mchoro, kipande kidogo cha mfano, nikalichukua nikakaa nalo mlangoni penye mwanga wa pembeni. Ile petali ipo, nayo ndiyo inayofanya shina lionekane limepita juu. Ukiiondoa, ua linalala chapati.

Ndipo nikaanza kulisoma lako badala ya kulinakili. Nimegundua mikato yako ya mwisho, ile ya mapambo, yote inaanzia nje kwenye ncha ya petali kwa nguvu, inaingia ndani ikipungua mpaka inakufa kabla ya kugusa katikati, na yote, hata ya majani, imeelekea kule shina linakotoka, kama vijito vinavyorudi mtoni. Yangu ilikuwa kama kuku amepekua. Mikato hii haina marudio, ukishainua kisu umeshainua, kwa hiyo siku mbili nzima sikugusa ua, nilikata mikato mitupu kwenye mabaki, kijana akihesabu anayoona mizuri. Ni mkali kuliko wewe.

Pia nimeona kitu usichoniambia. Chini ya duara kubwa, pale mikato miwili ya shina inapokutana, kuna kijipengo chembamba. Kwa hiyo hulikati duara lote kwa mvuto mmoja, unasimama, unageuza ngozi, unaendelea. Mimi nilikuwa najikunja kama mcheza sarakasi nikidhani wewe unazunguka bila kupumua! Niambie: unasimama hapo kwa sababu ya mkono wako wa kushoto, au hata sisi wa kulia tusimame palepale? Mimi sasa nasimamia pembeni kidogo, chini ya jani, ili jani lifiche kiungo.

La sita ni zuri. Sina zaidi ya kusema juu yake, nalo ndilo nitakalokutumia Jumanne, pamoja na la tano lenye uongo wake. Na wewe nitumie baya lako kuliko yote. Hilo zuri nimeshalisoma. Nataka kuona unapokosea unakosea wapi.

Mchoro unaofuata utoke kwangu. Wale wasafiri wa Kizungu, Stanley na Livingstone, walitoka kwenu Ujiji mwishoni mwa 1871 wakafika kwetu Kwihara mwanzoni mwa 1872, na ua lako limewafuata kwa treni. Haki ni kitu kutoka huku nacho kishuke ziwani. Nimeanza kuchora shina la mviringo kama lako, lakini badala ya waridi la Kimarekani nimetia ua la mwembe, vile vishada vidogovidogo, na kwenye nafasi iliyobaki juu kulia, nyuki mmoja. Mabawa yananishinda. Nikiyakata kwa kina yanakuwa ya nzi, nikiyapitisha juujuu hayaonekani. Nitakuletea hivyohivyo uyahangaikie wewe.

Msalimie shemeji, na umwambie wale dagaa wa mara ya mwisho waliisha siku mbili, sikuambulia hata kichwa. Asali nimekuwekea chupa moja. Usimpe yule kijana wa treni akuonjee.

Basi. Ncha ya kipande imeanza kupauka na rangi inasogea kuelekea katikati. Nimekigusisha shavuni, ni baridi kama mtungi. Naingia la saba.

Wasalaam,
Somo wako