Saa za maji

Sahare, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama anakuulizia kila Ijumaa.

Uliniambia itifaki (kanuni za vifaa kuzungumza mtandaoni) ikifaulu kwenye kompyuta bado haijafaulu, nikakucheka. Haya, zamu yako kucheka. Ndani ya Cooja, programu ya kuigiza mitandao, nodi zangu kumi na mbili (vile vifaa vidogo vya kupima na kutuma kwa redio) zilifikisha pakiti za data karibu zote. Ile programu, ukiiacha ilivyo, inachora duara tu: aliye ndani anasikia, aliye nje hasikii. Huku kwenye mikoko hakuna duara.

Nodi zenyewe nilizifunga kwenye makopo, nikazitundika kama mita moja juu ya tope. Siku ya kwanza, saa tisa alasiri, tatu za upande wa bahari zikanyamaza. Nikashuku betri, nikabadilisha, zikarudi, nikajisifu. Kesho yake zikanyamaza tena, ila zimechelewa kama robo tatu ya saa. Keshokutwa vilevile. Nikasoma programu ya nodi mstari kwa mstari nikitafuta kosa la saa (usiku mzima, shoga, na mbu wa huku unawajua). Kumbe hata usiku wa manane zilikuwa zikikatika!

Mzee mmoja anayepaka ngalawa yake mafuta akatazama daftari langu, akasema, "Mwanangu, hizi ni saa za maji. Bamvua, yale maji makubwa, linakuja."

Nilitaka kujizika. Wimbi la redio ya gigahezi 2.4, kama ya nodi zangu, lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Maji yakipanda karibu na antena, mawimbi yanayodunda juu yake yanakutana na yale yanayokwenda moja kwa moja, yanafutana. Yakiifunika antena, ndiyo basi: maji ya chumvi hayapitishi kitu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni RPL yenyewe, ile itifaki inayozitafutia pakiti njia kutoka nodi hadi nodi. Nodi ikipoteza mzazi (jirani anayeipitishia pakiti) inaanza kuita majirani, nao wanajibu, redio zinakesha macho, betri zinaliwa hata za nchi kavu. Kila maji yakijaa, mtandao unaona msiba mpya, wala haukumbuki kwamba baada ya saa chache yatatoka.

Chaneli ya redio nimehamia 26, kuikwepa Wi-Fi ya jirani. Hilo lilikuwa jepesi.

Sasa nataka nodi zijifunze saa za maji: zikipotea zisubiri, zihifadhi vipimo, zisipige kelele. Bamvua lijalo ni mwezi mpevu. Njoo na tochi ya kichwani na viatu vya tope. Pweza nitanunua mimi.

Shogayo