Kabla ya kumwandikisha mtoto karate, sikiliza neno "basi"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo huletwa mbele ya cherehani yangu kila shule zinapofungwa. Mimi ni fundi wa nguo hapa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa, pamoja na madera na sare za shule, nimekuwa nikishona sare za karate, zile nyeupe ambazo wenyewe huziita gi. Mzazi huja na mtoto wake kupimwa, na kabla sijamaliza kuzungusha futi kifuani mwa mtoto, huniuliza swali lisilo la ufundi wangu: "Mama Salehe, wewe unawashonea wote hawa, basi niambie nimpeleke klabu gani." Zamani nilikuwa nikitaja jina. Siku hizi sitaji, kwa sababu mwanangu mwenyewe nilimpeleka kwanza mahali pasipofaa, na nilipachagua kwa vigezo vile vile ambavyo naona wazazi wenzangu wanavitumia hadi leo.

Wengi huanza kwa kuuliza mchezo ulio bora, kana kwamba jibu likipatikana hapo kazi imekwisha. Karate ilitoka visiwa vya Okinawa, na Gichin Funakoshi akaipeleka Tokyo mwaka 1922. Ndani yake mna mitindo kadhaa, kama Shotokan na Goju-ryu, ambayo wafuasi wake hubishana kama washabiki wa Simba na Yanga. Taekwondo ni ya Korea, hutegemea zaidi mateke, na imekuwa ikigombewa medali za Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000. Judo iliasisiwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, na mashindano yake hayana ngumi wala teke: mchezaji humshika mwenzake nguo, akamwangusha, akambana chini. Kwangu mimi tofauti hizo huonekana kwenye kitambaa. Sare ya karate naweza kuishona kwa drili, nikaiongezea kipande cha msamba ili teke lisiipasue, lakini sare ya judo siipokei, maana huvutwa ukosi na mikono saa nzima, na kitambaa ninachokipata dukani hakihimili hata wiki. Zaidi ya hapo, kwa mtoto wa miaka saba au minane, tofauti kati ya mchezo na mchezo ni ndogo sana ikilinganishwa na tofauti kati ya mwalimu na mwalimu.

Kigezo cha pili ni mkanda wa mwalimu, na hapa naomba nikae kidogo. Mzazi akiona mkanda mweusi hunyamaza, kama tunyamazavyo mbele ya koti jeupe la daktari. Ni kweli kwamba mkanda una maana yake. Kano ndiye aliyeanza kutoa madaraja ya dan, ambayo leo ndiyo ya mkanda mweusi, mwaka 1883, na karate ikayachukua kutoka kwake baadaye. Chini ya dan kuna ngazi za kyu, ambazo ndizo wanazopanda watoto wetu kwa rangi za njano, chungwa, kijani na kadhalika. Lakini dan ya kwanza, shodan, kwa maana yake ni daraja la mwanzo: mwenye nayo amejua misingi na sasa anaweza kuanza kujifunza kwa dhati. Haisemi kwamba anajua kufundisha, seuze kufundisha watoto. Wala hakuna chombo kimoja duniani kinachopanga mtoto avae kijani baada ya miezi mingapi. Kila chama kina kipimo chake, na mara nyingi kila klabu. Niongeze ushahidi wa fundi: mkanda mweusi na mkanda wa njano hula uzi ule ule. Nimewahi kuletewa oda ya mikanda myeusi mitatu na kijana ambaye hakuwa na klabu wala mwalimu, nikamshonea, akalipa, akaenda zake. Hakuna sheria inayonitaka nimuulize.

Kwa hiyo mzazi amuulize mwalimu daraja lake amelipata wapi, kwa nani, na lini, na mwalimu wa kweli hatakasirika; wengi hupenda mno kuulizwa, na utakaa hapo hadi magharibi ukisikiliza nasaba ya walimu wake. Aulize vilevile mitihani ya mikanda hufanyika mara ngapi na kwa kiasi gani. Katika klabu ya kwanza ya mwanangu, ada ilikuwa shilingi 15,000 kwa mwezi, nikaiona nafuu, kumbe kila baada ya miezi miwili kulikuwa na mtihani wa shilingi 20,000, na hapakuwa na mtoto aliyewahi kuufeli. Kwa miezi sita mwanangu alikuwa na mikanda mitatu na hakuwa anajua kuanguka bila kuumia.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Salehe alikuwa na miaka minane. Jioni moja alirudi nyumbani vifundo vya vidole vimechubuka, nami nikadhani ni mazoezi tu, kwani nilikwisha kuambiwa kwamba karate haijengwi kwa mikono laini. Aliponieleza taratibu, nikafahamu kuwa waliochelewa walipigishwa pushapu kwa ngumi juu ya saruji, na waliochelewa wote walikuwa watoto wanaotoka madrasa baada ya alasiri. Kesho yake nilikwenda, nikamsalimu mwalimu kwa adabu zote, nikaomba kukaa pembeni nitazame. Akanijibu kwa heshima, sikatai, kwamba wazazi wakikaa watoto hulegea, na kwamba ni utaratibu wa klabu. Nikatoka, lakini sikwenda nyumbani. Nilisimama upande wa dirisha lililovunjika kioo. Niliona mvulana mkubwa, wa miaka kama kumi na mitatu, amemkaba shingo mtoto mdogo kwa nyuma, na yule mdogo anasema "basi, basi", na wenzake wanacheka. Mwalimu alikuwa hatua nne kutoka pale. Alisema, "Huku hakuna basi." Nilimchukua mwanangu siku ile ile, na ada ya mwezi uliofuata, ambayo nilikuwa nimeilipa mapema, sikuirudishiwa.

Maneno yale yamenikaa kuliko kisa chenyewe, kwa sababu baadaye nilikuja kujua kwamba ni uongo hata kwa sheria za michezo hiyo. Katika judo, jambo ambalo mtoto hufundishwa mapema, pamoja na kuanguka, ni kujisalimisha: hupiga kiganja mara mbili au zaidi juu ya mkeka au mwilini mwa mwenzake, na mwenzake anatakiwa kuachia papo hapo. Isitoshe, kukaba shingo na kukunja kiwiko ni mbinu ambazo katika nchi nyingi watoto wadogo hawaruhusiwi kuzitumia kabisa mashindanoni. Katika karate ya jadi, ufundi unaosifiwa ni wa kurusha ngumi kwa nguvu zote na kuisimamisha kabla haijagusa mwili. Kwa maneno mengine, kujua kusimama ni sehemu ya somo, tena sehemu ngumu. Mwalimu asiyeifundisha ameacha nusu ya kile alicholipwa kukifundisha.

Ndiyo maana namshauri mzazi asilipe kitu kabla ya kukaa na kutazama kipindi kimoja kizima, kuanzia watoto wanapoingia hadi wanapofunga, na asitazame watoto hodari walio mstari wa mbele, ambao huwekwa pale kwa ajili yake. Atazame mtoto dhaifu kuliko wote. Atazame mnene anayebaki nyuma katika kukimbia, mgeni asiyejua kushoto na kulia, mwenye kulia. Kisha asikilize: mtoto akisema "basi", au akipiga kiganja chini, nini hufuata? Huachiwa? Huulizwa? Au huchekwa? Klabu aliyohamia Salehe haina kombe hata moja dirishani, maana hata dirisha halina, ni darasa la shule ya msingi ambalo madawati husogezwa ukutani jioni. Siku ya kwanza mwalimu aliwapanga wawili wawili, akawafundisha kupiga kiganja na kuachia, tena na tena, kama mchezo wa kitoto, na mvulana mmoja aliyechelewa kuachia kwa makusudi alikalishwa pembeni hadi mwisho wa kipindi. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alikaa tu akiwaona wenzake wanacheza, na kwa uso wake adhabu ilimwingia vizuri.

Kuhusu sakafu, nitasema machache lakini naomba yasichukuliwe kwa wepesi. Kumbi nyingi tunazozitumia zina saruji, na karate ya kujifunza hatua na kata, yaani miondoko iliyopangwa ambayo mtu huifanya peke yake, yaweza kufanyika juu ya saruji bila madhara makubwa. Kuangushana hakuwezi. Panapofundishwa kuangusha lazima pawe na mikeka minene ya mazoezi, na magodoro mawili yaliyounganishwa hayatoshi kwa sababu huachana katikati na mguu huzama katika ufa. Wapo wanaowapeleka watoto ufukweni Raskazone, jambo zuri kwa mbio na mateke, ila mchanga uliolowa maji yanapokupwa huwa mgumu karibu sawa na sakafu, na mwalimu anayewaangusha watoto hapo kwa kuwa "ni mchanga" hajawahi kuangukia hapo yeye mwenyewe.

Kichwa nacho. Mtoto akigongwa kichwani kisha akalalamika kichwa kinauma, akatapika, akasinzia au akasahau kilichotokea, mazoezi yake ya siku hiyo yamekwisha na anatakiwa hospitali, hata kama dakika kumi baadaye anasema yu mzima. Muulize mwalimu atafanya nini ikitokea hivyo. Akikujibu kwamba hapo haijawahi kutokea, huyo hajakujibu.

Wazazi wenye mabinti huniuliza kwa sauti ya chini mambo mawili. La kwanza ni stara, na hilo ni jepesi: hijabu inaruhusiwa katika mashindano ya kimataifa ya karate na ya taekwondo, na mimi huzishona kwa kitambaa kinachovutika, bila pini, ili isimchome mtu wala kuvutika shingoni. La pili ni zito zaidi, nalo ni binti kufundishwa na mwanamume. Silioni kuwa ni la mabinti peke yao. Mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, asibaki peke yake na mwalimu katika chumba kilichofungwa, wala asipelekwe mashindanoni Dar es Salaam au Arusha bila mtu mzima mwingine anayejulikana na wazazi. Mwalimu mwema hulinda jina lake kwa utaratibu huo huo unaomlinda mtoto. Na pakiwa na shaka, simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi.

Bado lipo suala la usajili, ambalo kwalo naileta hoja yangu kwa wenye mamlaka. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu za michezo zinatakiwa kusajiliwa kwa msajili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, haki ya kulindwa dhidi ya mateso na adhabu za kumdhalilisha, na sijaona mahali inaposema kwamba haki hiyo huvuliwa pamoja na viatu mlangoni mwa ukumbi wa karate. Hata hivyo mzazi wa Makorora au Chumbageni anayetaka kujua kama klabu ya mtaani kwake imesajiliwa haelewi aanzie wapi. Cheti chenyewe si dhamana ya upole. Klabu iliyomchubua mwanangu ilikuwa na cheti kwenye fremu. Lakini klabu iliyosajiliwa ina viongozi wanaojulikana kwa majina, na mzazi mwenye malalamiko anajua ampelekee nani.

Naomba, kupitia gazeti lako, maofisa michezo wa Jiji la Tanga wabandike orodha ya klabu zilizosajiliwa katika mbao za matangazo za ofisi za kata, pamoja na majina ya walimu na saa za mazoezi, na waifanye kazi hiyo kabla ya likizo ya Desemba, ambapo wazazi wengi huandikisha watoto. Saa za mazoezi nimezitaja kwa makusudi. Klabu inayoanza saa kumi kamili alasiri katika mji kama huu inajua fika kwamba nusu ya watoto bado wako madrasa, na kuwaadhibu kwa kuchelewa ni kuwaadhibu kwa ratiba iliyopangwa na mwalimu mwenyewe. Klabu ya Salehe siku hizi huanza saa kumi na moja na robo. Robo ile iliongezwa baada ya wazazi wanne kuiomba, nami nilikuwa mmoja wao.

Wako,
Mama Salehe, fundi cherehani,
Ngamiani Kusini, Tanga.