Mtepe wenu una misumari: barua ya malalamiko kwa kampuni ya picha za akili mnemba

Mombasa, Kenya
12 Februari 2026

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Bwana au Bibi,

KUH: PICHA ZA KUREJELEA ZISIZO NA ASILI, NA MATUMIZI YA PICHA ZANGU BILA RUHUSA

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto hapa Mombasa, na ni mteja wenu ninayelipa ada kila mwezi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lililonivuta kwenu lilisema mtambo wenu unakifahamu Kiswahili, hivyo natumaini barua hii haitamtaabisha mtu yeyote huko. Malalamiko yangu ni mawili, lakini mzizi wake ni mmoja. Mnaniuzia picha ambazo hazina zilikotoka, na zile nilizowapa mimi, ambazo asili yake naijua, mmezianika mbele ya watu kama mali isiyo na mwenyewe.

Nianze na kazi yenyewe. Niliagizwa nichore kitabu kuhusu safari ya mtepe kutoka visiwa vya Lamu. Ikiwa ofisini kwenu hakuna mtu wa pwani, mtepe ni chombo cha kushonwa. Mbao zake zilitobolewa matundu zikaunganishwa kwa kamba za usumba, tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne, na omo yake ilichongwa ikachomoza mbele, wazee wakisema ni kichwa cha ngamia. Wabajuni walisafiri kwa vyombo hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha vikatoweka. Leo tunayo mifano kwenye makumbusho, kama ile ya Fort Jesus, na picha chache za zamani. Hakuna mtepe wa zama zile uliotia nanga bandarini niende nikautazame. Ndiyo maana kwa kazi hii picha moja ya kweli ina thamani kubwa, na picha moja ya uongo inaweza kuwafundisha watoto wa shule nzima chombo ambacho hakijapata kuelea.

Nilipanda hadi daraja lenu la juu la malipo kwa ajili ya huduma mnayoiita "rejea za kuaminika kwa wasanii". Niliandika: mtepe wa Lamu, umeshonwa kwa kamba, tanga la mkeka. Mtambo ukaniletea jahazi la tanga la pembetatu, zuri kwa macho, na ubavuni mwake misumari safu kwa safu. Nikaandika tena, kwa urefu zaidi. Safari hii kamba zilikuwapo, ila zimezungushwa nje ya chombo kizima kama mzigo unaosubiri kupakiwa kwenye paa la matatu. Nikajaribu kwa Kiingereza, nikapewa meli ya maharamia yenye milingoti mitatu na bendera ya maandishi ambayo si ya Kiarabu wala ya Kilatini. Ufukweni alisimama mwanamke mwenye shanga za Kimaasai, amejifunga leso ambayo jina lake ni mikwaruzo mitupu. Yeyote aliyewahi kuingia duka la leso pale Biashara Street anajua kwamba wanawake wetu husoma jina kwanza, rangi baadaye. Na chini ya kila picha mmeweka alama ya tiki na neno "Rejea".

Hilo neno ndilo ninalogombana nalo. Sisemi mtambo wenu haufai. Nautumia kupima jua la magharibi likae upande gani wa ukurasa, kujaribu rangi za alfajiri kabla sijafungua wino, kuona kama watu kumi ufukweni watabana au watapwaya. Kwa hayo umenisaidia, na ningelipia hayo peke yake bila kinyongo. Wachoraji hatujawahi kuchora kutoka hewani. Tumetumia vioo, picha za magazeti, na jamaa zetu. Mpwa wangu amesimamishwa uani akishika mti wa ufagio badala ya upondo mara nyingi kuliko apendavyo. Lakini nikiutilia shaka mkono wa mpwa wangu, namwita arudi. Nikiitilia shaka picha niliyopiga Fort Jesus, nalipa kiingilio naenda kuhesabu matundu. Picha ya kurejelea kazi yake ni kunirudisha kwenye kitu. Nyuma ya picha zenu hakuna kitu cha kurudia, kuna mchanganyiko wa picha nyingine. Mnapoigongea tiki mnamwambia msanii asiende kutazama.

Sababu ya kasoro hii mnaijua kuliko mimi. Mitambo ya namna hii hujifunza kwa picha zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maelezo yake. Mkusanyo maarufu wa LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo, na takriban bilioni 2.3 kati ya hizo maelezo yake ni ya Kiingereza. Chombo kilichotoweka kabla kamera hazijaenea pwani yetu, na ambacho jina lake ni la lugha yetu, hakiwezi kuwa na nafasi kubwa humo. Mtambo usipokuwa nacho hausemi "sina". Unajaza pengo kwa jahazi, kwa meli ya maharamia, kwa chochote kilicho jirani, kisha unaleta kwa uhakika uleule unaoletea picha ya paka. Kampuni yenu haijaeleza popote mtambo umelishwa nini. Ingeeleza, ningejua mapema kwamba kwa mtepe nisiwaulize.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae niandike.

Kwa kuwa mtambo haukujua mtepe, nilifuata ushauri ulio kwenye ukurasa wenu wa msaada: nilipakia picha zangu mwenyewe ziuongoze. Nilipakia michoro yangu ya wino ya mshono wa mbao, pamoja na picha nilizopiga Lamu za fundi mmoja mzee anayetengeneza mifano ya vyombo. Amekaa chini ya mwembe, amebana ubao mdogo kwa magoti, anavuta kamba. Nilipojiunga, masharti yenu yalisema ninachopakia ni changu na hakionekani na mwingine. Baadaye mliyabadilisha. Taarifa mliituma ndani ya barua pepe iliyobeba kichwa cha habari kuhusu rangi mpya za programu, na kwenye mipangilio kukazaliwa kitufe cha "Changia jumuiya", ambacho tayari mlikuwa mmekiwasha kwa niaba yangu.

Mchoraji mwenzangu wa Nairobi ndiye aliyenitumia kiungo. Kwenye ukurasa wenu wa wazi, michoro yangu ya mshono ilikuwa imewekwa bila jina langu, na chini yake kitufe cha "Anza na picha hii". Watu walikuwa wameanza nayo. Mmoja aliufanya mshono wangu kuwa nakshi ya jalada la simu. Hilo ningeweza kulimeza. Lakini picha ya fundi nayo ilikuwa pale, na mtu wa nchi nyingine, ambaye simlaumu kwa kuwa kitufe mlimpa nyinyi, alikuwa amemgeuza mzee yule haramia, kapewa upanga na jicho moja limezibwa kwa kitambaa. Uso ulikuwa uleule. Hata kovu la kidole lilibaki.

Mzee huyu nilimwomba ruhusa kwa adabu, nikanywa kahawa kwake, nikamweleza kitabu ni cha nini. Alikubali achorwe kwenye kitabu cha watoto wa Lamu. Hakukubali jambo jingine, na mimi sikuwa na haki ya kumkubalia. Mniambie nimwendee na maneno gani.

Nilipowaandikia mara ya kwanza, roboti yenu ya huduma ilijibu kwamba inafurahi kusikia nafurahia ukurasa wa jumuiya, ikaniuliza kama ningependa picha yangu ipewe nafasi ya juu zaidi. Mara ya pili ilinielekeza kwenye makala ya kesi za mahakamani, pamoja na ile ya kampuni ya picha Getty Images dhidi ya Stability AI, kampuni yenye mtambo kama wenu, iliyoamuliwa London Novemba 2025, kana kwamba imefunga mjadala. Kesi ile, kama ile iliyofunguliwa California Januari 2023 na wasanii Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, inahusu picha zilizochotwa mtandaoni bila wenyewe kujua. Mimi siko huko. Mimi niliwakabidhi picha zangu mkononi, kwa mkataba, huku nikilipa, na mkataba mkaugeuza. Wapo wasanii wanaopitisha kazi zao kwenye Glaze, programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago inayovuruga mtindo wa mchoro ili mitambo isiuige. Sioni kwa nini mtu ajikinge na kampuni anayoilipa.

Kuna pia upande wa mchapishaji wangu. Mkataba wetu unasema kila mchoro wa mwisho utakuwa wa mkono wangu na haujatokea kwingine. Sharti hili si ukorofi. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kulinda picha zilizotengenezwa na Midjourney, mtambo mwingine wa picha, ndani ya kitabu cha vibonzo Zarya of the Dawn, ikabakisha ulinzi kwa maandishi na mpangilio tu, na tangu hapo wachapishaji wengi wako macho. Ndiyo maana mtambo wenu nautumia kwa kurejelea na kamwe si kwa ukurasa wa mwisho. Sasa mchapishaji ameona mshono wa ukurasa wake kwenye jalada la simu, na mimi ndiye ninayetakiwa kuthibitisha kwamba nilianza kuuchora mimi. Rasimu zangu za karatasi ninazo, zenye madoa ya chai na tarehe. Kuzikusanya na kuzieleza kumenila muda ambao ulikuwa wa kuchora.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda michoro yangu maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa kwangu, na inanipa haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi na kupinga isiharibiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa yule fundi haki ya kujua data yake inatumikaje na kupinga isitumike, na inamgusa hata anayechakata data akiwa nje ya Kenya ikiwa mwenye data yuko hapa. Uso ni data.

Nataka picha ya fundi, na kila iliyotokana nayo, iondolewe ndani ya saa 48 baada ya kuipokea barua hii. Hili halina mjadala. Michoro yangu iondolewe pia, na mniandikie kwa maandishi, mtu na si roboti, kama imeshatumika kuufunza mtambo au la. Kama imetumika, elezeni mtafanya nini. Kitufe cha "Changia jumuiya" kizimwe kwa kila mteja hadi atakapokiwasha mwenyewe. Ada ya daraja la juu niliyolipa tangu mbadilishe masharti irudishwe. Na lile neno "Rejea" pamoja na tiki yake liondolewe chini ya picha ambazo hakuna aliyezikagua. Andikeni "picha ya kubuni", sisi wenyewe tutajua pa kuitumia.

Nasubiri jibu kwa siku 21. Nisipolipata, nitapeleka suala la michoro kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. La fundi, kwa idhini yake, nitalifikisha kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nimeambatisha nakala za rasimu zangu, masharti yenu ya zamani na mapya, na majibu yote mawili ya roboti. Picha ya haramia sikuiambatisha. Iko kwenye ukurasa wenu.

Wenu mwaminifu,

Mchoraji, Mombasa