Mabadiliko ya mazoezi ya mbio ya Jumamosi na mchango wa safari ya Moshi

Ndugu wanachama, habari za jioni na poleni kwa majukumu.

Kwa kuwa mvua ya juzi imeacha tope zito njia ya Kibirizi, Jumamosi hii tutakutana mbele ya stesheni ya reli ya Kigoma saa 11:30 alfajiri, tupandishe mlima wa Mwanga hadi Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone, kisha turudi kwa njia hiyohiyo. Tafadhali tuanze taratibu, kwani sisi tulioukimbilia mlima kwa pupa mwezi uliopita miguu ilituishia kabla hata ya kuiona Ujiji.

1. Kila mmoja aje na maji yake na kizibao kinachong'aa, maana kutakuwa bado giza.
2. Mchango wa nauli ya kwenda Moshi kwenye mbio za Kilimanjaro Marathon, shilingi 20,000 za awamu hii, umfikie mhazini kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Tangu nilipofunga namba yangu ya kwanza kifuani kwa pini nne, sijapata furaha inayoshinda ile dakika ya mwanzo wa mbio, watu wote wakiwa kimya na viatu vikisugua lami; natamani sana kila mmoja wenu aionje huko Moshi, awe wa kilomita 21.1 au wa kilomita 5.

Naomba kila mwanachama athibitishe hapa, kwa jina na umbali atakaokimbia Moshi, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Atakayepata udhuru anijulishe mapema.

Ahsanteni sana.
Mratibu wenu